Gego la Nyuma Halilegei Bure

(Hotuba iliyotolewa Kisumu mbele ya wahudumu wa afya ya jamii, walimu wa chekechea na wauguzi wa zahanati)

Bwana mwenyekiti, wazee wetu mliokaa hapa mbele, akina mama, walimu, wauguzi, na nyinyi wahudumu wa afya ya jamii mlioacha palizi zenu asubuhi hii mkaja: oyawore, mulembe, hamjambo.

Nimepewa dakika arobaini. Mwenyekiti kanionyesha saa yake mara mbili kabla sijasimama, kwa hivyo najua hana mzaha.

Kazi yangu ni meno. Msitarajie profesa. Mimi ni yule mtu mnayemkuta chumba cha mwisho cha kituo cha afya, penye kiti kimoja cha kuegemea, taa iliyofungwa kwa kamba, ndoo ya klorini na foleni ya watu waliojishika mashavu. Nimeng'oa meno kwa miaka 23 katika uwanda huu wa Kano na pembeni mwake. Kati ya meno yote hayo, lipo moja ambalo bado naliota.

Ilikuwa siku ya soko. Mama mmoja aliingia amembeba mgongoni mtoto wa kiume wa miaka mitano, mkubwa wa kutosha kutembea mwenyewe, nikajua papo hapo kwamba usiku hawakulala. Shavu la kushoto lilikuwa limefura kama la mtu aliyeficha andazi. Homa hakuwa nayo. Nikamlaza, nikaangalia: gego la mwisho la juu lilikuwa likicheza. Tundu halikuwepo. Nirudie hapo, maana ndipo nilipopotea. Jino halikuoza, halikuvunjika, lilikuwa jeupe kama punje ya mahindi mabichi, na bado lilikuwa likicheza. Nikadunga ganzi, nikachukua koleo. Sikuvuta hata. Lilinifuata kama mche wa mpunga kwenye tope, mizizi yake mitatu mizima imening'inia. Mtoto hakulia. Nikajiona fundi.

Nikaandika amoksilini, nikamwambia mama amsukutulishe kwa maji ya chumvi. "Atapona, mama. Usipoona nafuu, rudi." Alirudi siku ya 12. Jicho la kushoto lilikuwa limesukumwa juu, na pale nilipong'oa jino shimo lilikuwa limejaa nyama laini iliyotokeza nje ya ufizi. Upande wa pili wa taya, ambao mimi sikuugusa, magego mawili mengine yalikuwa yanacheza. Siku hiyo aliyekufa ganzi ni mimi.

Ule haukuwa ugonjwa wa meno. Ilikuwa limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe nyeupe za damu ambayo kwa watoto wa ukanda wetu hupenda kuanzia tayani. Chembe zake huongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Piga hesabu ya siku 12. Mimi niliianza usiku ule nikaiacha njiani.

Mtoto wa miaka sita akikuambia jino lake linacheza, mnacheka pamoja. Lakini ulize ni jino gani. Meno ya mbele ya chini ndiyo hutangulia, karibu na miaka sita. Magego ya utoto hungoja mpaka miaka tisa, kumi, hata kumi na miwili. Tena jino la utoto linalotoka kwa wakati wake huja halina mzizi, kwa sababu mzizi umeshaliwa na jino la ukubwa linalosukuma njia yake. Sasa gego la mtoto wa miaka mitano likilegea bila kuoza, bila mtoto kuanguka wala kupigwa, na likatoka na mizizi yake yote, kuna kitu kimekaa ndani ya mfupa kinalisukuma. Babu yangu alikuwa na pengo la meno sita ya chini. Aling'olewa ujanani kama ilivyokuwa desturi ya Wajaluo, kwa chuma, pasipo ganzi, na alipenda kutusimulia wajukuu jinsi jino la mwisho lilivyompa yule mng'oaji kazi mpaka akatoka jasho. Jino zima hukataa kutoka. Nililelewa na hadithi hiyo, nikasomea kazi hiyo, na siku ilipohitajika sikuikumbuka.

Mnisamehe kwa kuanza na kosa langu. Waandalizi waliniomba niwaeleze utafiti uliofanywa kuhusu maradhi ya taya na njia za pua, na nimeona nikianza na vitabu mtasinzia. Sasa niingie kwenye utafiti wenyewe, maana sehemu kubwa ya mambo ambayo dunia inayajua juu ya ugonjwa huu imetoka kwetu, katika nchi hizi zinazozunguka ziwa.

Mwaka 1957, pale Mulago, Kampala, daktari mpasuaji aitwaye Denis Burkitt aliitwa wodini aangalie mtoto aliyefura taya pande zote nne: juu, chini, kushoto, kulia. Jipu la jino halifanyi hivyo, hukaa mahali pamoja. Muda si mrefu, akiwa amezuru hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine nje, yuko na mamake, sura ile ile. Akatoka kwenda kumtazama. Akaanza kupekua mafaili ya zamani, akakuta watoto wa namna hiyo ni wengi, na kwamba wengi wao walikuwa na uvimbe tumboni vilevile, kwenye figo, kwenye ini. Waliomtangulia walikuwa wameandika kila uvimbe kama ugonjwa wake. Burkitt aliona ni ugonjwa mmoja, akachapisha makala mwaka 1958. Na alikuwa na jicho moja tu. La pili alilipoteza akiwa mvulana.

Kilichofuata ndicho hunifurahisha zaidi, kwa sababu ni utafiti ambao hata mhudumu wa kijiji angeufanya. Alichapisha vikaratasi zaidi ya 1,000 vyenye picha za watoto hao, akavituma kwa hospitali za serikali na za misheni kote Afrika, akiuliza swali moja: je, mnawaona watoto kama hawa? Mwezi Oktoba 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakapanda gari kuukuu aina ya Ford, wakatoka Kampala mpaka Afrika Kusini, wiki kumi, karibu kilomita 16,000. Kila hospitali waliyofika, zaidi ya 50, walifungua albamu ya picha wakauliza swali lile lile. Maabara hawakuwa nayo. Walikuwa na picha, ramani na kalamu.

Ramani ilipojaa, ilionyesha kitu cha ajabu. Ugonjwa ulikuwa mwingi kwenye joto na mvua, na karibu na ikweta ulipotea ukipanda zaidi ya mita 1,500 hivi. Ukishuka kusini, mpaka huo ulishuka nao. Mtu wa Kano hahitaji ramani kuelewa jambo hili. Simama Ahero utazame kaskazini-mashariki, uone ule ukuta wa Nandi. Hapa chini tuko kama mita 1,100, mbu wanakula watu na watoto wanafura taya. Panda kule juu kwenye chai, ugonjwa huo ni nadra. Mahali hapo pote unapaona kwa jicho, ni mwendo wa matatu. Kwa hivyo watu wakaanza kumtazama mbu.

Huku nyuma, Machi 1961, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara London, na kijana mmoja mtafiti wa virusi, Anthony Epstein, alikaa akisikiliza akiwa na wazo kwamba huenda kuna virusi humu. Wakapatana: vipande vya uvimbe vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Miaka miwili hakuona kitu. Desemba 1963 ndege iliyobeba kichupa kimoja ilikuta ukungu London ikageuzwa Manchester, na kilipomfikia Epstein maji yake yalikuwa yamechafuka kama maji ya kuoshea mchele. Mtu mwingine angesema kimeoza, akamwaga. Yeye alichukua tone akaliweka chini ya hadubini, akakuta chembe hai zimebanduka kwenye kipande cha uvimbe zinaelea zenyewe. Akazikuza. Mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong, mtu wa Trinidad, wakatangaza wameona virusi ndani ya chembe hizo: virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Vikaitwa Epstein-Barr. Achong akaachwa nje ya jina. Watoto wa Uganda waliotoa vinyama hivyo wako nje zaidi yake.

Basi virusi ndivyo vyenye kosa? Hapana, subirini. Virusi hivi karibu kila mtu mzima duniani anavyo, zaidi ya watu tisa katika kila kumi. Huenea kwa mate. Wewe unavyo, mimi ninavyo, mwenyekiti anavyo na saa yake. Watu bilioni kadhaa wamevibeba maisha yao yote na hawakuugua taya. Swali likawa: kwa nini mtoto wa hapa?

Kulijibu kumechukua miaka sitini, na damu nyingi za watoto. Katika West Nile, Uganda, miaka ya sabini, watafiti walichukua damu ya watoto 42,000 wazima, wakaihifadhi, wakangoja. Ripoti yao ya mwaka 1978 ilikuwa na watoto 14 waliougua. Wakarudi kwenye friji wakatoa damu yao ya zamani, wakakuta wale waliokuwa na kingamwili nyingi mno dhidi ya virusi hivi, miezi na miaka kabla ya kufura, ndio walikuwa kwenye hatari kubwa kuliko wenzao. Watoto 42,000 ili wapatikane 14. Nikisikia mtu akisema utafiti ni kazi ya kula marupurupu, namkumbusha hesabu hiyo.

Kule Mara Kaskazini, Tanzania, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Migori, kati ya 1977 na 1982 watoto walipewa klorokwini kuona kama malaria ikipungua na taya zitapona. Malaria ikapungua, na ugonjwa wa taya ukapungua nao. Halafu klorokwini ikaanza kushindwa, malaria ikarudi, na ugonjwa ukarudi. Lakini watafiti wenyewe waliandika wazi kwamba ugonjwa ulikuwa umeanza kupungua kabla dawa haijagawiwa, kwa hivyo hawawezi kuapa. Mimi huwaamini zaidi watu wanaoandika hivyo.

Na hapa kwetu: watafiti waliwafuata watoto wachanga wa Kisumu na watoto wachanga wa Nandi, mwezi baada ya mwezi, kuona ni lini virusi vinawaingia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Kisumu, wastani ulikuwa miezi saba na kitu. Nandi, miezi minane na kitu. Mtasema mwezi mmoja ni nini? Lakini tazameni waliowahi kabisa. Zaidi ya theluthi ya watoto wa Kisumu walikuwa wameambukizwa kabla ya kutimiza miezi sita. Nandi ilikuwa kama mtoto mmoja katika wanane. Na walioambukizwa mapema walikuwa na virusi vingi zaidi katika damu baadaye, mwili haujui kuvidhibiti. Fikiria mtoto huyo: virusi vimemkuta bado anatambaa, halafu malaria inampiga, inapona, inampiga tena.

Niwaeleze kinachotokea ndani kwa lugha ya stendi. Malaria ikiingia, mwili huziamsha chembe zinazotengeneza kingamwili, zizaliane kwa haraka. Zikizaliana hukatakata jeni zake na kuziunga upya ili zipate kingamwili mpya. Hiyo ni kazi yake halali. Mara chache sana uungaji unakosewa: kipande cha kromosomu ya 8, moja ya nyuzi zinazobeba jeni, kinakwenda kuunganishwa na kromosomu ya 14, na jeni iitwayo MYC inajikuta mahali ambapo haizimwi. MYC ni kanyagio la mafuta. Sasa kanyagio limekwama chini. Chembe ya namna hiyo kwa kawaida mwili huiua, lakini virusi vya Epstein-Barr vikiwa ndani vinaisaidia isife. Una matatu isiyo na breki, kanyagio limekwama, na askari wa barabarani, ambaye ni kinga ya mwili, amechoka kwa malaria. Chini ya hadubini wanaiita anga yenye nyota: chembe nyeusi zimebanana kama usiku, na katikati yake madoa meupe ya chembe zinazokula maiti za wenzake. Nilionyeshwa mara moja. Ni picha nzuri, na nilijisikia vibaya kuiona nzuri.

Sasa nataka tuongee juu ya damu, kwa sababu najua baadhi yenu mmefukuzwa kwenye boma za watu kwa ajili yake.

Kati ya mwaka 2010 na 2016 kulikuwa na utafiti mkubwa katika Uganda, Tanzania na hapa magharibi mwa Kenya, uliosajili watoto wagonjwa zaidi ya 800 na watoto wazima wa kulinganisha nao karibu 3,000. Hao wazima ndio tatizo. Mtoto mgonjwa, mama anaelewa kwa nini anatobolewa. Lakini unamwendea mama ambaye mtoto wake anakimbiza tairi uani, unamwambia unataka damu yake. Kila mtu hapa amekua akisikia habari za mumiani, wale wanaonyonya watu damu wakaiuze. Mama mmoja wa huko Nyando aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Daktari, mlipochukua damu ya mtoto wangu mkaona nini?" Sikuwa nimeichukua mimi. Wengine walikuja, wakachukua, wakamwachia sabuni na pakiti ya sukari, wakaondoka na gari lao, na hakuna aliyerudi kumwambia lolote. Siwataji, hawapo hapa kujitetea.

Ila nasema hivi: mama huyo hakuwa mshamba. Alikuwa anauliza swali la kitafiti. Fomu ya ridhaa aliyoiwekea kidole gumba ilikuwa na kurasa nyingi, na hakuna ukurasa uliomwahidi jibu. Mkipelekwa na watafiti vijijini, na mtapelekwa, kwa maana nyinyi ndio mnaojua njia, waulizeni kabla: matokeo mtayasoma lini kwenye baraza la chifu? Wakikosa tarehe, nanyi mkose nafasi. Na upande wa pili, mwelezeni mama kwa nini mtoto mzima anahitajika. Ukitaka kujua kwa nini ng'ombe huyu amekufa, ni lazima uangalie na yule aliyekula nyasi zile zile akabaki hai.

Mwenyekiti, naona. Niende kwenye pua.

Waliponiambia nichanganye taya na pua katika mazungumzo mamoja nilidhani wamebanwa na bajeti. Lakini ni majirani kweli. Juu ya magego yako ya juu kuna pango la hewa ndani ya mfupa wa uso, lile watu wanaloliita sainasi, na mizizi ya magego huchungulia sakafuni mwake. Ndiyo maana kuna mtu ametibiwa mafua miezi sita, pua moja inatoa usaha wenye harufu, na mwisho wa yote tatizo ni gego lililooza. Ukikutana na mafua ya tundu moja la pua, mfungue mtu mdomo. Hiyo ni ya kawaida, naipita.

Ujirani wa pili ni mzito. Mwaka 1970 wanasayansi walipima vinyama vya uvimbe wa taya na vinyama vya saratani ya nyuma ya pua, wakakuta jeni za virusi vile vile, Epstein-Barr, katika vyote viwili. Hapa Kenya daktari Peter Clifford, bingwa wa masikio, pua na koo aliyefanya kazi Nairobi miaka ya sitini, alikuwa akiwatibu watu wa namna zote mbili: watoto wa taya kutoka kwenye joto, na watu wazima wa pua kutoka nyanda za juu. Kwa hao wa nyanda za juu alishuku moshi, kwa sababu ya baridi watu walilala na moto ndani ya nyumba zisizo na bomba la kutolea moshi. Virusi ni vile vile, nchi ni moja, lakini bondeni anayesaidiana navyo ni mbu, na mlimani pengine ni moshi.

Saratani hiyo ya pua ina hila. Inakaa kwenye kona nyuma kabisa ya pua, juu ya koo, mahali ambapo huwezi kupaona kwa tochi. Na papo hapo ndipo unapofunguka mrija mdogo unaokwenda sikioni. Kwa hivyo mgonjwa haji akilalamika pua. Anakuja anasema sikio moja limeziba, kama lina maji. Au ana uvimbe shingoni usiouma, chini ya sikio. Au asubuhi akipenga kamasi anaona michirizi ya damu. Mnajua anachopewa. Matone ya sikio. Dawa ya minyoo. Au anapimwa TB ya tezi, na hapo wala sikatai, TB ipo, ipimwe. Lakini mtu mzima ambaye sikio moja tu limeziba kwa wiki nyingi na hana mafua, au mwenye uvimbe wa shingo ambao TB imekanushwa, aende kwa daktari wa masikio, pua na koo, achunguzwe kwa kamera nyuma ya pua.

Hong Kong, ambako ugonjwa huu ni mwingi, walipima damu ya wanaume 20,174 wasio na dalili yoyote, wakitafuta vipande vya jeni za virusi hivi vinavyoelea kwenye damu. Matokeo yalitolewa mwaka 2017. Waligundua wagonjwa 34, na karibu saba katika kila kumi walikuwa bado kwenye hatua za mwanzo, zinazotibika kwa mionzi. Nimeulizwa kama tuanzishe hilo Kisumu. Kwa maoni yangu, hapana, bado. Kwetu si ugonjwa wa kila mtaa, na fedha hizo kwanza zinunue kamera ya kuangalia pua kwa kila hospitali ya kaunti.

Sitaki mtoke hapa mkiona saratani kila mahali. Mashavu mengi yaliyofura ni jipu la jino lililooza. Pua nyingi zilizoziba ni mafua na mzio. Mtu mzima aliyevimba taya la chini polepole kwa miaka, bila maumivu, mara nyingi ana ameloblastoma, uvimbe wa taya ambao hula mfupa lakini kwa kawaida haisambai mwilini. Huyo apelekwe kwa wapasuaji, hana haraka ya saa. Mwenye haraka ya saa ni yule mtoto.

Nirudi kwake. Nilipanda naye na mamake matatu hadi "Russia", kama tunavyoiita bado hospitali ya Jaramogi, ingawa Warusi waliojenga waliondoka zamani. Walichoma sindano kwenye uvimbe wakavuta chembe, wakathibitisha. Kabla ya kemo, yaani dawa za kuua saratani, alipewa maji ya dripu mchana na usiku, na mama akanipigia simu kwa hasira: mtoto anateseka na mnamjaza maji? Nikamweleza nilivyoelezwa. Dawa huua chembe hizo nyingi kwa mkupuo, na uchafu wa maiti zake ukimiminika kwenye figo huziziba. Maji yanafungua njia kwanza, pamoja na kidonge cha alopurinoli. Halafu ndipo ikaja kemo yenyewe, saiklofosfamaidi na wenzake. Burkitt na Clifford walishangaa miaka ile jinsi dozi chache tu zilivyoyeyusha taya lililofura. Na mimi nilishangaa. Baada ya wiki moja jicho lilikuwa limerudi mahali pake.

Hapo ndipo tulipokaribia kumpoteza mara ya pili. Uvimbe ulipokwisha, mama alimchukua akaenda nyumbani. Kwa nini abaki? Mtoto amepona, anacheka, nyumbani kuna wengine wanne, na nauli aliikopa. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chao ndiye aliyenipigia. Tulipanda boda boda wawili mpaka kwao, tukamkuta anaanika omena. Tulikaa naye mpaka jioni. Hakushawishika kwa maneno yangu ya kromosomu. Alishawishika pale yule mhudumu, ambaye ni jirani yake, aliposema atawalisha hao wanne mpaka arudi. Akamaliza dozi zote. Mwaka jana nilimwona kijana huyo kwenye stendi ya Ahero anapakia magunia, taya limepinda kidogo upande wa kushoto. Hanijui.

Katika nchi tajiri zaidi ya watoto tisa katika kumi wenye ugonjwa huu hupona. Dawa zinazowaponya si ngeni hapa. Tunachopoteza ni siku: siku za duka la dawa, za maji ya chumvi, za malaria inayotibiwa mara tatu, za mganga, za kutafuta nauli, na siku 12 za kwangu. Chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa Homa Bay Septemba 2019 pengine itapunguza watoto wa kufura huko mbele, na hilo litapimwa kwa miaka. Siku zinaweza kupimwa kuanzia kesho, na anayeweza kuzipima ni nyinyi. Katika daftari lenu kuna safu ya tarehe ya kumpeleka mgonjwa hospitali. Chora safu nyingine kando yake kwa rula: tarehe ambayo mama aliona jino linacheza. Mwulize kwa soko, kwa mazishi, kwa mtihani wa shule, atakumbuka. Zikikusanywa daftari mia, mtaalamu yeyote wa takwimu atawaambia siku zetu zinapotelea wapi, kituo gani, njia gani.

Mwenyekiti amesimama, basi nimebakiza kitu kimoja na chai baadaye. Glavu ziko kwenye kikatoni hapo mlangoni, kila mtu achukue moja. Washeni taa za simu, mgeukie jirani. Wazee, nanyi pia, hata kama magego yamebaki mawili. Mwambie afungue mdomo, angalia kwanza, kisha lishike gego la mwisho la juu kwa kidole gumba na cha shahada, ulitikise kwenda shavuni na kurudi. Tikisa zaidi, hataumia. Unahisi linavyokataa?